Kirikuu ya kazi inalala nje na vifaa ndani: niifunge vipi?

WayaMbiliNusu:

Habari zenu wakuu. Swali hili ni kwa mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme wa magari na yeyote anayetembea na vifaa vya kazi.

Gari ni Suzuki Every, Kirikuu ya boksi: milango miwili ya slaidi ubavuni na wa nyuma unaonyanyuka juu. Kazi ni kutandaza umeme wa majumbani hapa Dar, saiti nyingi ziko Goba, Kibada na Chanika. Usiku gari linalala nje ya nyumba ya kupanga, hakuna geti wala uzio. Ndani kuna drili ya zege, grainda mbili, mashine ya kuchimba mifereji ukutani, drili ya betri na betri zake nne, mita ya kupimia umeme, sanduku la spana na plaizi, na mara nyingi roli tatu au nne za waya wa 1.5 na 2.5. Ngazi ya alumini iko juu ya keria.

Kushusha kila kitu jioni na kukipandisha asubuhi haiwezekani kila siku. Fundi mmoja anashauri nichomelee makomeo kwenye milango yote mitatu nipige makufuli. Mwingine anasema nifunge traka (kifaa cha kuonyesha gari lilipo) basi. Hela inatosha kufanya jambo moja kwanza, mengine yafuate polepole. Nianze na lipi, na kwa vipimo gani? Tena, saiti zenyewe mchana mnazilindaje? Waya unapotea hata ukuta haujakauka plasta.

———

FlatiBaa:

Mkuu, makomeo milangoni siyo ya kuanzia. Hesabu vioo vya hiyo Every: ubavuni, nyuma, mbele, pande zote. Mwizi akishapasua kioo cha pembeni ameshaingia, makufuli yako matatu yanabaki kumlinda yeye asishtukizwe kutoka nyuma. Anza na boksi la chuma lililofungwa sakafuni. Kioo kikivunjwa, anakutana na mlango wa pili ambao hawezi kuupiga jiwe.

Vipimo vinavyotoka kwenye shiti moja ya futi 4 kwa 8 bila kubakiza hasara: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 40. Kata hivi: vipande viwili vya 120 × 50 (sakafu na kifuniko), viwili vya 120 × 40 (mbele na nyuma). Hapo umetumia sentimita 180 za urefu wa shiti. Kwenye sentimita 64 zilizobaki toa vipande viwili vya 50 × 40 vya ubavuni, na utabakiwa na ukanda wa kama sentimita 24 kwa 120. Huo ukanda ndio wa midomo ya kifuniko na vizuizi vya kufuli, usiutupe.

Unene: milimita 2, yaani geji 14. Wengi wanakwenda geji 18 kwa sababu ni rahisi kukunja na bei ni nafuu, lakini 1.2 mm mtaimbo unaipinda kama debe. Milimita 3 nayo ni nzito bure kwa Kirikuu. Kwa 2 mm vipande hivyo sita pekee ni kama kilo 40; ukiongeza fremu ya chuma cha pembe 30 × 30 × 3 (mita 8.4, kwa hiyo vipande viwili vya mita 6) ni kilo 11 nyingine. Jumla na bawaba weka kilo 52 hadi 55. Gari hilo Japani limesajiliwa kubeba kilo 350 likiwa na watu wawili mbele, kwa hiyo lipo sawa ila usisahau uzito huo unapopakia saruji ya watu.

Mambo yanayoharibu boksi zuri ni haya.

Bawaba. Zikiwa nje, mwizi hagusi kufuli lako kabisa, anagonga pini ya bawaba inatoka na kifuniko kinafunguka kwa nyuma. Chomelea vichwa vya pini pande zote mbili. Halafu ongeza vijiti viwili vya nondo ya 12 mm vilivyochomelewa kwenye kifuniko upande wa bawaba, na matundu ya 14 mm kwenye fremu. Kifuniko kikifungwa vijiti vinaingia matunduni. Hata bawaba zikikatwa zote, upande ule haunyanyuki.

Mdomo wa kifuniko. Kifuniko kikilala bapa juu ya boksi, ncha ya mtaimbo inapata pa kuingia. Shusha mdomo wa sentimita 4 hadi 5 mbele na pembeni ufunike mshono.

Kufuli. Weka mawili, moja kila baada ya theluthi ya urefu. Kufuli moja katikati linaacha pembe zote mbili zinyanyuliwe hadi mkono upite. Kila kufuli likae ndani ya kijumba cha chuma, kipande cha bomba la mraba la 100 × 100 lililo wazi kwa chini tu, mkono wako uingie na ufunguo lakini mkasi wa chuma usipate pa kufunguka.

Kwenye sakafu ya gari tumia boliti nne za M10, vichwa vya duara vikiwa chini ya gari, nati ndani ya boksi. Chini ya kila boliti weka bamba la 100 × 100 × 5 mm, maana bati la gari peke yake boliti inalipasua ikivutwa. Kabla hujatoboa lala chini ya gari utazame mabomba ya breki, bomba la mafuta, tenki na nyaya zilipopita, uweke alama ya chaki. Kutoboa kutoka ndani kwa kukisia ndiko kunakomaliza watu.

Makomeo ya milangoni yatakuja baadaye, na ukiweka usikubali yachomelewe.

———

SaketiNyeusi:

Naunga mkono hilo la kutochomelea, nieleze sababu. Bati la mlango wa gari hizi lina kama 0.7 hadi 0.8 mm. Mashine ya kuchomelea ya kawaida inalitoboa, fundi anajaza, rangi ya ndani inaungua, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu inaanzia upande usiouona. Mwaka haujaisha komeo linang'oka na kipande cha mlango.

Mbaya zaidi ni umeme. Ukichomelea kwenye bodi betri ikiwa imeungwa, mkondo unatafuta njia kupitia kontroli boksi (kompyuta ya gari) na altaneta. Hata kwa kazi ya kwenye keria, toa waya wa hasi kwenye betri kwanza, na bana klampu ya ethi sentimita chache tu kutoka unapochomelea.

Komeo la mlangoni lifungwe kwa boliti za M8 zenye kichwa cha duara, nati ndani, na nyuma ya bati bamba la 80 × 80 × 3 mm. Skrubu za kujitoboa hazifai hata kidogo, zimeshika bati la unene wa kadi ya simu. Kila tundu ulilotoboa lipake redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kingoni kabla ya kupitisha boliti. Dakika mbili hizo ndizo zinazookoa mlango.

Sasa gari lenyewe. Traka haizuii kuvunjwa kwa kioo, inakuambia gari limeondoka. Kabla ya traka weka swichi ya siri ya pampu ya mafuta kama Every yako ni ya EFI, yaani yenye pampu ya mafuta ya umeme. Vinavyohitajika: rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme) ya 12 V 40 A na soketi yake, swichi ndogo, waya wa 2.5 mm² mita 3 hivi kwa upande wa pampu, waya mwembamba kwa upande wa swichi, na fyuzi.

Tafuta waya chanya unaokwenda pampu. Ukate. Ncha inayotoka kwenye fyuzi iingie pini ya 30 ya rilei, ncha ya pampu iingie pini ya 87. Pini ya 86 pata umeme unaowaka ufunguo ukiwa ON. Pini ya 85 iende kwenye swichi ya siri kisha bodi. Swichi ikizimwa, koili haina ethi, rilei haishiki, pampu haipati umeme. Swichi haibebi mkondo wa pampu, inabeba wa koili tu ambao ni mdogo sana, ndiyo maana unaweza kutumia swichi ndogo ya kujificha popote. Wanaopitisha umeme wa pampu moja kwa moja kwenye swichi ndogo wanaiunguza, siku moja gari linazima Mandela Road saa kumi na moja jioni.

Kwa nini pampu na siyo stata? Stata ikikatwa mwizi anajua papo hapo kuna kitu kimezimwa, anaanza kutafuta. Pampu ikikatwa injini inazunguka, pengine inawaka sekunde mbili kwa presha iliyobaki kwenye bomba, inazima. Inafanana na gari bovu. Anajaribu mara tatu, nne, kelele inakua, anaondoka.

Viungo vya waya vibanwe kwa lagi na kufunikwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu hakukai, gari likishinda juani gundi inayeyuka na waya unajiachia. Na swichi isiwe chini ya usukani, hapo ndipo pa kwanza kila mtu kupapasa.

———

SaitiHadiSaiti:

Wakuu mmemjibu gari, ila kaulizia na saiti, na huko ndiko hela nyingi inakopotelea. Roli moja ya 2.5 ya mita 100 ina shaba kama kilo mbili na robo. Waya uliokwisha kuvutwa kwenye paipu ni shaba ile ile kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, haina jina wala namba.

Kinga kubwa ni mpangilio wa kazi. Hatua ya ukuta weka paipu na maboksi tu, ndani acha waya wa kuvutia. Waya wa shaba usubiri grili za madirisha na milango yenye kufuli. Mwenye nyumba atakusumbua, "mbona hujavuta?", mwambie wazi kwamba akitaka uvute sasa, akiibiwa waya wa pili ananunua yeye, na iandikwe kwenye makubaliano. Wengi wakisikia hivyo wanaleta grili wiki hiyo hiyo.

Ukilazimika kuvuta mapema, usiache mikia ya nusu mita ikining'inia kwenye kila boksi. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha kufunga soketi. Ikunje ndani, funika na kifuniko tupu au kipande cha boksi la karatasi ubandike plasta nyepesi juu. Wanaopita kuchungulia madirishani wanatafuta mikia. Swichi, soketi na saketi breka ziwe za mwisho kabisa, siku ya kupima na kukabidhi.

Waya uje saiti kwa kadiri ya kazi ya siku. Ukivuta vyumba viwili leo, roli mbili zije, siyo nane kwa sababu duka lilipunguza bei.

Stoo ya mabati ni udanganyifu kama misumari ya bati imepigwa kutoka nje. Mtu anakuja na nyundo ya kung'olea, anatoa kumi, anapita, anairudishia. Kama ni lazima mabati, pigilia mbao za ndani upande wa ndani na ncha zikunjwe. Bora zaidi tumia choo cha chumba kikubwa: dirisha lake ni dogo na liko juu, ukuta ni tofali, unahitaji mlango mmoja tu wa muda. Mlango huo uwe wa mbao nzito au chuma, na mlinzi wa saiti asiwe na ufunguo wake. Siyo kumtukana mlinzi, ni kumlinda, maana kitu kikipotea hakuna wa kumnyooshea kidole.

Vifaa vidogo huondoka mchana, siyo usiku. Saa ya chakula ndiyo saa yao, na siku vibarua wapya wa dei waka wamekuja. Chora umbo la kila kifaa kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha hilo boksi au kwenye ubao. Drili isiporudi, umbo tupu linakutazama, huhitaji kukumbuka. Daftari liwe na mistari miwili kwa siku: kilichotoka saa mbili, kilichorudi saa kumi na moja, na jina la aliyekishika. Ukisubiri Jumamosi kuhesabu, hujui hata ni siku gani kiliondoka.

Kwenye foleni funga milango ya slaidi kwa ndani. Every ina mpini wa nje ambao bodaboda anaufikia bila kushuka.

———

FlatiBaa:

Nimesahau jambo moja kubwa na huyu amenikumbusha. Grainda na mtaimbo viingie ndani ya boksi kabla ya kitu kingine chochote. Shingo ya kufuli ya 10 mm grainda ya betri yenye diski ya 1 mm inaimaliza chini ya dakika moja. Mtu anafungua boksi lako kwa mashine yako mwenyewe uliyoiacha kwenye kiti cha nyuma. Hata ngazi ni hivyo hivyo, ikiachwa bila mnyororo ndiyo inayompandisha dirishani kwa jirani. Mnyororo wa 8 mm upite kwenye mihimili miwili ya ngazi na keria, siyo kwenye kipago kimoja, kipago cha alumini hukatwa kwa msumeno wa chuma kabla hujageuka kitandani.

———

LikoniSpana:

Naongezea kutoka Mombasa kuhusu kufuli, kwa sababu chumvi tunaijua. Kufuli la chuma la bei rahisi likikaa nje miezi mitatu linashika kutu ndani, mwenyewe unaanza kuliacha bila kulifunga "kwa leo tu". Chukua lenye mwili wa shaba nyeupe au la diski la duara la 70 mm, ambalo shingo yake karibu yote iko ndani.

Usitie oili ya gari kwenye tundu la ufunguo. Oili inashika mchanga, inakuwa kama gundi. Sugua ncha ya penseli kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kumi. Unga wa penseli unalainisha na haushiki vumbi.

Kabla ya kulipa dukani fanya jaribio: omba makufuli mengine matatu ya aina ileile, ujaribu ufunguo wako kwa kila moja. Yale ya rahisi yana aina chache sana za funguo, utashangaa. Likifunguka hata moja, rudisha.

Na egesha kwa akili bwana. Mlango wenu wa nyuma unanyanyuka juu, sivyo? Rudisha gari kinyumenyume hadi libaki sentimita 15 au 20 kutoka ukutani, haufunguki hata ukiwa hauna kufuli. Ubavu mmoja nao uwe karibu na ukuta au mti. Umebakiza mlango mmoja wa kulinda, huo ndio uelekee dirisha la chumba unacholala. Wewe ni fundi wa stima, taa ya LED ya wati 20 yenye sensa ya mwendo kwa urefu wa mita mbili na nusu hata sikufundishi.

———

RisitiMkononi:

Kila mtu ameongelea kuzuia. Ngoja niongelee kinachotokea kikishaibwa, maana hapa ndipo watu wanapoteza hata kile kilichopatikana.

Polisi wanaweza kukuta drili kumi na mbili chumbani kwa mtu. Utathibitishaje ya tatu ni yako? "Naijua kwa mkwaruzo" haitoshi. Kwa kila mashine piga picha tatu: nzima, kibao chenye namba ya kiwandani (serial namba), na risiti ya EFD (mashine ya kodi). Dukani mwambie muuzaji aingize jina na TIN yako kwenye risiti, siyo ile ya jumla isiyo na mnunuzi. Risiti za EFD hufifia, karatasi yake ni ya joto, kwa hiyo picha ipigwe siku hiyo hiyo na ujitumie kwenye barua pepe. Simu yenye picha ikiibwa pamoja na vifaa hujafanya kitu.

Alama. Kwenye plastiki tumia ncha ya chuma cha kulehemu risasi, kwenye chuma kalamu ya kuchora yenye ncha ngumu. Andika jina fupi la biashara na tarakimu sita za mwisho za simu. Weka mbili: moja kubwa mahali pa wazi, inamkatisha tamaa mnunuzi, na moja ndogo mahali pa kujificha kama chini ya mpira wa mkono wa pembeni wa drili. Ya wazi itakwanguliwa, ya siri itabaki. Usichore juu ya kibao cha namba, ukikiharibu umemsaidia mwizi. Kisha paka ukanda wa rangi ya ajabu, waridi au chungwa, kwenye kila kifaa. Sura yake ni mbaya, na ndilo lengo. Saitimira, taa na vioo navyo vichorwe namba ya gari, hiyo kila mtu Dar anaifahamu.

Ukiibiwa nenda kituoni upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Loss report ni kwa kilichopotea, siyo kilichoibwa, na bima hawataikubali kwa wizi. Nenda na orodha iliyoandikwa yenye namba, nakala moja umpe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukisikia kifaa kinauzwa mahali, nenda na askari, usikusanye vijana. Kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa hiyo mnunuzi naye ana sababu ya kuongea akiulizwa na mwenye mamlaka. Wewe pia, ukinunua mtumba bila risiti wala jina la muuzaji, unaweza kujikuta upande huo huo wa kifungu.

Bima: bima ndogo (ya mtu wa tatu) hailipi chochote cha kwako kikiibwa. Bima kubwa inalipa gari na vilivyofungwa kwenye gari, ila vifaa vya kazi vilivyomo ndani kwa kawaida havimo. Muulize wakala kwa maandishi kama anaweza kuongeza vifaa vya kazi, halafu soma masharti matatu: kama vinalindwa gari likiwa halina mtu, kama vinalindwa usiku, na kama wanadai dalili za kuvunja kwa nguvu. La tatu ndilo linalowanyima wengi. Mlango ulioachwa bila kufungwa hauna dalili. Boksi lililokatwa kufuli lina dalili nzuri sana, lipige picha kabla hujaligusa.

———

Fundi_Bomba_Leicester:

Niseme kidogo tu kwa upande wa vani kubwa, kama kuna mwenye Hiace au Transit anasoma. Huku Uingereza kufuli la mlango haliguswi. Mwizi anaegemeza goti katikati ya mlango wa slaidi, anashika kingo ya juu na kuukunja kuelekea chini, bati linafunguka kama kopo la samaki. Sababu ni kwamba mlango mrefu umeshikwa katikati tu, juu hakuna kitu. Kinachosaidia ni kufuli la pili juu, theluthi ya juu ya mlango, au bamba la chuma linaloshika kingo ya juu kwa ndani. Kwa Every yenye vioo haina haja, watapasua kioo tu.

Na betri za drili ziingie ndani ya nyumba kila usiku pamoja na chaja. Ni mfuko mmoja wa mkononi. Mashine isiyo na betri inauzika kwa shida, na betri zenyewe zikilala na kushinda ndani ya gari lenye joto zinakufa mapema.

———

WayaMbiliNusu:

Asanteni sana wakuu, nimeelewa boksi ndiyo la kwanza. Nina maswali mawili ya mwisho. Mashine ya kuchimba mifereji ina urefu usioingia kwenye kimo cha sentimita 40 ikisimama, nipandishe boksi? Na wavu wa vioo, nitumie upi na niufunge wapi bila kutoboa bodi nzima? Traka nayo, SaketiNyeusi, ikija baadaye itumie rilei hiyo hiyo?

———

FlatiBaa:

Usipandishe. Ukienda kimo cha 50 shiti moja haitoshi tena, vipande vya ubavuni vinakosa nafasi. Ilaze mashine kwa urefu, toa diski kwanza, diski ya almasi ikilazwa na uzito juu inapinda na utaijua siku ya kwanza ya kukata. Diski ziwekwe juu ya roli za waya, siyo kinyume.

Wavu: weldimesh (wavu wa chuma uliochomelewa) ya 50 × 50, waya wa 4 mm, kwenye fremu ya flati-baa ya 25 × 3. Kwa vioo vya ubavuni nyuma ya milango na kile cha mlango wa nyuma tumia matundu ya boliti yaliyopo tayari kwenye nguzo, yale ya mikanda na vishikio vya mkono, boliti ndefu kidogo zinatosha. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya wavu na kioo, la sivyo kwenye barabara ya vumbi ya Chanika utakivunja kioo mwenyewe kwa mtikisiko. Na mlango mmoja wa mbele usiuzibe kwa chochote, gari likipinduka utatokea wapi?

———

SaketiNyeusi:

Traka iwe na rilei yake, usichanganye. Na inaungwa kinyume: swichi ya siri uliiunga 30 na 87, ya traka iunge 30 na 87a. Hivyo traka ikifa au ikikosa umeme gari linaendelea, na traka ikipokea amri ndipo rilei inafunguka. Ukiunga traka kwenye 87, siku kifaa kinaharibika unakwama Kibada usiku na vifaa vyote ndani.

Waya zake ni nyekundu kwenye chanya ya kudumu yenye fyuzi ya 1 au 2 A, nyeusi kwenye bodi, ya ACC kwenye ufunguo, na ya nne kwenye koili ya rilei. Rangi hizo hubadilika kwa kifaa na kifaa, soma karatasi yake. Weka mpangilio wa kuzima mafuta gari likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa tu, kuzima kwenye mwendo kasi kunaua. Isikae chini ya dashibodi, na upande wenye antena utazame plastiki au kitambaa, siyo bati. Laini yake iwekewe bando la data kila mwezi na ujaribu kuipigia au kuiomba mahali ilipo kila Jumapili. Traka nyingi ziko kwenye magari zikiwa kimya tangu mwezi wa pili, mwenye gari hajui.